Mwaka Mkuu Alipobeba Sanduku

Perusi alinipigia simu asubuhi sijanywa hata chai, akaanza bila kunisalimu, jambo ambalo kwa Perusi haliwezekani. "Bi Koku, Mkuu ametutoka. Tunazika Jumamosi, palepale kwake Mikumi." Kisha akakumbuka: "Shikamoo." Nikaitikia marahaba, nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikaanza kumwuliza mambo ya kipuuzi ambayo mtu huuliza anapopigwa na habari: kama kuna sare, kama kuna usafiri wa kutoka Morogoro, kama chakula kimepangwa. Akanijibu kwamba watoto wa marehemu wamepanga kila kitu. Wamekodi maturubai na vipaza sauti, kuna mshereheshaji, na ratiba imechapwa ikiwa na picha ya Mkuu amevaa suti. "Ratiba nzima nimeisoma," akasema. "Hakuna mtani hata mmoja. Watamzika kimyakimya, Bi Koku, kama mtu asiye na watu." Nilitaka kumwambia kwamba dunia imebadilika, kwamba watoto wa mjini hawajui mambo hayo. Badala yake nikamwambia nakuja. Ndani ya basi, njia nzima, sikumwaza Mkuu akiwa ndani ya jeneza. Nilimwaza akiwa ndani ya kaburi la mtu mwingine, mzima, amelala chali, akitutazama.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Niliteremka kwenye treni pale Kilosa nikiwa na shahada mpya, viatu vilivyonibana na hofu kubwa kwamba kabla ya mwisho wa wiki watu watagundua kuwa sijui kitu. Chuo chetu kilifundisha mabwana shamba na mabibi maendeleo, waliotakiwa kwenda kuishi katika vijiji vya ujamaa na kufanya kazi pamoja na wananchi. Majengo yalikuwa ya shamba la zamani la mkonge. Bweni la wasichana lilikuwa ghala la katani, na mvua ikinyesha harufu ya katani ilitoka ukutani kana kwamba mzigo ungali ndani. Mimi nilifundisha lishe, na nilikuwa mlezi wa wasichana. Chumba changu kilikuwa mwisho wa bweni, kimetengwa na wao kwa ukuta wa mbao nyembamba, hivyo nilisikia kila walichosema juu yangu. Usiku wa kwanza nilisikia mmoja akinong'ona, "Huyu Bi Koku anatembea kama anaogopa kuamsha sakafu." Wakacheka. Nililala nikiwaza kama ni kweli, na kesho yake nikajaribu kutembea kwa kishindo. Hapo wakacheka zaidi.

Mkuu wa Chuo nilimwona kwa mara ya kwanza bwaloni, na hapo ndipo nilipopata mshtuko wa kwanza wa mwaka ule. Kule nilikosoma, mkuu wa chuo alikuwa mtu wa kuonekana siku ya mahafali, kwa mbali, ndani ya joho. Huyu wa Kilosa alikuwa mtu mfupi mwenye shingo nene, amevaa kaptura ya kaki, amesimama katikati ya mstari wa wanafunzi na bakuli lake la bati mkononi, akisubiri ugali, maharage na kipande cha nyama kama wao. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwembamba aliyekuwa amekwisha pakuliwa, jina lake Yohana, kutoka milima ya Mamboya. Yohana aligeuka, akamtazama Mkuu kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema kwa sauti ya kusikika bwalo zima: "Wee Mnyamwezi, rudi nyuma. Wabeba mizigo hula mwisho."

"Nani amemfungulia huyu Mkaguru?" Mkuu akauliza watu. "Jana si nilimfunga kamba mlangoni?"

"Babu yako alipita kwetu na pembe ya ndovu kichwani, ndiyo maana shingo yenu imezama mpaka leo. Aliomba maji ya kunywa, tukampa. Kibuyu chetu mpaka sasa hajarudisha."

"Mlimpa mkiwa wapi? Misafara ikipita nyie mlikuwa mnachungulia kwenye mawe huko juu, mnaogopa kushuka." Na hapo Mkuu akanyoosha mkono, akachukua kipande cha nyama kwenye sahani ya Yohana, akakitia mdomoni. "Mtumwa wangu hali nyama. Itamsumbua tumbo."

Bwalo lilivuma kwa vicheko. Mimi nilibaki nimesimama na sahani yangu, nikisubiri kijana yule afukuzwe chuo. Kisha nikawaza kwamba labda Mkuu ndiye atakayefukuzwa. Kisha nikawaza kwamba kama mlezi huenda nilitakiwa kusema neno, na kwamba kunyamaza kwangu kumekwisha kuonekana. Jioni dada yake Yohana, msichana wa bweni langu aliyeitwa Perusi, alinikuta bado nawaza, akanionea huruma. "Mkuu ni Mnyamwezi, sisi Wakaguru," akasema. "Ni watani. Akipita bila kututukana tutajua anaumwa." Nikamwuliza, na mtu asiyejua? "Asiyejua anashangaa," Perusi akasema, "kama wewe, Bi Koku."

Basi nilishangaa miezi kadhaa. Kulikuwa na palizi, Mkuu alikuwa mbele na jembe. Kulikuwa na mpira, Mkuu alikuwa mwamuzi, akizomewa kuliko mwamuzi yeyote niliyepata kumwona. Wanafunzi waliitisha mkutano kulalamikia wadudu kwenye maharage, naye akaja, akakaa kwenye sakafu nyuma kabisa, akanyoosha mkono kuomba nafasi, mwenyekiti akamnyima. Sikuweza kuamua kama ule ulikuwa uongozi au kukosa uongozi. Nililichambua jambo lile kama mtu anayechambua mchele: leo naona ni unyenyekevu, kesho naona ni mtu anayependa kupendwa. Nilichokiona bila kuchambua ni kwamba wanafunzi wa Mamboya, waliokuja chuoni na aibu ya watu wa milimani na Kiswahili cha shule ya misheni, ndio waliokuwa wakimjibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Wakisha kumtukana Mkuu wa Chuo, hawakuogopa tena afisa yeyote.

Baada ya mavuno Mkuu alitangaza safari ya Mikumi, ili mabwana shamba wa kesho wakaone wanyama watakaokuja kuwalia mahindi yao. Tulikwenda kwa lori la chuo. Nilipewa kiti cha mbele karibu na dereva, nikawaza wanafunzi watasemaje, nikakikataa, nikapanda nyuma. Mkuu naye alikuwa nyuma, akipiga debe tupu kama ngoma. Tuliwaona tembo, tukala mikate na chai ya rangi pale Mikumi kando ya barabara kuu, tukageuza kurudi. Jua lilikuwa bado juu. Kilomita chache mbele, nyani walikuwa wamekaa pembeni mwa barabara, wakubwa kwa wadogo.

"Mkaguru!" Mkuu akapaza sauti. "Shemeji zako wamejipanga kukupokea, unapita bila kuwapa mkono? Ndiyo malezi ya misheni hayo?"

Yohana alikuwa amesimama nyuma kabisa, penye ubao wa kufungia lori. "Siyo mashemeji hawa, Mkuu," akajibu. "Ni wabeba mizigo wenzako wamepumzika!" Akainama nje, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine ameunyoosha kuwasalimu. "Shikamooni, wazee!"

Lori lilidunda kwenye shimo. Nilikuwa namtazama, halafu nikawa natazama mahali alipokuwa. Sijui nilieleze vipi jambo lile. Waliokaa mbele hawakuwa wameona, na waliendelea kucheka. Kicheko kile kilianza kufa kutoka nyuma ya lori kwenda mbele, mtu mmoja mmoja, mpaka kikamfikia yule wa mwisho, naye akauliza, "Kuna nini?" Mkuu alikuwa amekwisha ruka chini kabla lori halijasimama.

Ujumbe wa baba yake Yohana ulifika chuoni siku iliyofuata: mwanangu aletwe, na dada yake aletwe na vitu vyake vyote. Mzee Stefano alikuwa katekista wa kanisa la misheni kule Mamboya, mtu wa maneno machache. Mimi niliandamana na maiti na Perusi, pamoja na sanduku lake la bati la bluu lenye nguo, madaftari na sahani yake. Mkuu alibaki Kilosa kutoa maelezo polisi. Tulipanda ile milima kwa shida, na tulipofika wanaume walilishusha sanduku la Perusi wakaliweka nje ya mlango. Halikuingizwa ndani, wala hakuna aliyelikalia. Niliwekwa jikoni na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi, wakizungumza Kikaguru, wakigeukia Kiswahili kwa ajili yangu. "Sanduku likisharudi," mmoja akaniambia kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mfiwa, "mtu harudi tena chuo." Nilimsikia Mzee Stefano nje akiwaambia wazee wenzake: "Chuo kimekula mmoja. Kimeshiba. Huyu wa pili hakipati." Perusi alikuwa amekaa mkekani kando yangu. Alikuwa anachomoa ukindu wa mkeka, mmoja baada ya mwingine, na nilijua kwamba ikiisha wiki ile atakuwa mke wa mtu au mlezi wa bibi yake, na kwamba mimi, mlezi wake wa serikali, sina neno hata moja la kusema pale.

Mkuu alifika kesho yake, muda mfupi kabla ya mazishi, peke yake na dereva. Aliwaamkia wazee, wakaitikia marahaba kwa sababu salamu haiachwi bila kuitikiwa, lakini hakuna aliyesogea ampishe akae. Alisimama. Tulikwenda kaburini tukiimba, padre akasoma, jeneza likawekwa juu ya kamba. Ndipo nilipomwona Mkuu akivua viatu. Alivipanga pamoja, visigino vimelingana, kama mtu anayeingia kwake. Akateremka kaburini, akalala chali.

"Pananitosha," sauti ikasema kutoka chini.

Katika maisha yangu nimeona mambo mengine ya kutisha, lakini hakuna lililowahi kunisimamisha damu namna ile. Nyumbani kwetu, msibani mtu hujizuia hata kukohoa. Padre alifunga kitabu kikiwa na kidole chake ndani. Vijana wenye majembe waliyashika vizuri. Nilifikiria kukimbilia kwenye lori, nikafikiria kwamba nikikimbia watajua tunaogopa, nikafikiria kwamba tayari wanajua, na miguu yangu ikachoka kusubiri niamue.

"Hapa ni pangu," Mkuu akaendelea, kwa sauti ileile ya bwaloni, ila ilikuwa imekauka. "Huyu mtumwa wangu nilimwambia awasalimie shemeji zake nyani barabarani. Mimi ndiye niliyemwambia. Akainama kuwasalimia. Lini mmeona Mkaguru mtiifu hivyo? Siku zote ananijibu. Siku hiyo akatii. Sasa ananiachia nani? Sitoki."

Kwa hiyo alilisema. Jambo ambalo sote tuliokuwa kwenye lori tulikuwa tunalibeba, bila kujua tulitue wapi, alilisema akiwa amelala pale ambapo wangeweza kumfukia. Kisha bibi yake Yohana, mama yake Mzee Stefano, akatoka katikati ya wanawake na fimbo yake, akaja hadi ukingoni.

"Mnyamwezi."

"Naam, mtumwa wangu."

"Umemuua mjukuu wangu, halafu unamnyang'anya na kitanda?"

"Mbeba mizigo huchoka, bibi. Hulala popote."

Bibi aliinama, akachota udongo, akamtupia usoni. Haukuwa udongo wa mzaha. Niliuona mkono wake. Mkuu hakujifuta. "Ongeza," akasema. Akamtupia tena, na tena, mpaka pumzi ikamwishia, na hapo sauti ikamtoka, ambayo mpaka leo sijaamua kama ilikuwa kicheko au kilio. Wanawake wakaipokea. Mlima mzima ukapiga kelele, na mimi nikagundua kwamba nami nalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu lile shimo barabarani.

"Toka tumlaze mtoto," bibi akasema mwishowe. "Unataka nini?"

"Cha kunitoa."

"Utapewa kuku."

"Kuku wa milimani ni mifupa. Nitachagua mwenyewe."

Akatoka. Tulimzika Yohana vizuri. Kisha, udongo ukiwa bado kwenye nywele na masikio, Mkuu wa Chuo akatembea moja kwa moja hadi nyumbani kwa wafiwa, akaliinua sanduku la Perusi, akajitwika kichwani. "Hiki ndicho nilichochagua," akasema. "Mwenyewe akikitaka, anifuate akikomboe. Kwa kuku. Awe mnene." Na akaanza kuteremka kwenda kwenye lori, ile shingo nene imenyooka chini ya mzigo.

Sikuelewa kitu. Niliona mtu aliyewaibia wafiwa mchana kweupe. Ni baadaye ndipo Perusi aliponieleza kwamba kitu alichochukua mtani msibani hakinyang'anywi. Hukombolewa, na mwenye kitu ndiye aendaye kukikomboa. Nilichokisikia siku ile, nikipanda gari, ni Mzee Stefano akimwambia mama yake, "Huyu mtu ni mwizi."

"Ni mtani," bibi akajibu.

"Ni mwizi vilevile."

"Ndiyo."

Mkuu alikaa nyuma ya lori, sanduku katikati ya magoti yake. Pale Dumila tuliposimama, wauza mahindi ya kuchoma walikuja mbio, wakamwona alivyojaa udongo, wakarudi nyuma. Nilimwuliza kama lile sanduku ni mchezo. "Wewe umesoma sana, Bi Koku," akasema. "Niambie wewe." Sikuweza, na sijaweza. Kuna siku naona kwamba alijificha ndani ya utani ili asihukumiwe. Kuna siku naona kwamba angesimama pale na kofia mkononi akisoma salamu za rambirambi za chuo, wangemshukuru kwa adabu, na Perusi angebaki Mamboya maisha yake yote. Halafu nakumbuka kwamba ni mdomo uleule uliomtuma Yohana kuinama. Nafika hapo, narudi mwanzo.

Sanduku lilikaa ofisini kwake, chini ya dirisha. Majuma yakapita. Mkuu aliendelea kusimama kwenye mstari wa bwaloni na bakuli lake, lakini hakumtania mtu, na wanafunzi wa Mamboya hawakuthubutu kuanza. Chakula kililiwa kwa mlio wa vijiko tu. Niligundua kwamba nasubiri nilichokuwa nakichukia.

Kisha mchana mmoja, tukiwa tunapakuliwa, Perusi akasimama mlangoni na kuku kwapani. Nyuma yake alikuwa baba yake, amevua kofia. Perusi alipita katikati ya meza hadi mbele ya Mkuu. Alikuwa amekonda. "Wee mbeba mizigo," akasema, na sauti ikamtetemeka, akaanza upya. "Wee mbeba mizigo! Nani alikutuma ubebe sanduku langu? Au ndiyo mazoea ya babu yako, ukiona mzigo kichwa kinawasha?"

Mkuu alimtazama yule kuku. "Huyu ni kuku," akauliza taratibu, "au ni njiwa?" Akanyoosha mikono yote miwili kumpokea, bakuli likapinduka, maharage yakamwagika kwenye kaptura. Mzee Stefano alikula nasi siku ile, meza moja na Mkuu, bila kuzungumza. Hakusema kwamba amesamehe, na sidhani kama alisamehe. Alimwacha binti yake, akawahi gari la kurudi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipoteremka Mikumi, nikaona maturubai meupe kando ya barabara kuu. Baada ya kustaafu Mkuu hakurudi kwao Tabora. Alijenga hapa, si mbali sana na lile shimo, ambalo lami imelifunika siku nyingi. Mshereheshaji alikuwa kijana mwenye sauti nzuri. Wasifu ulisomwa. Kila kitu kilikwenda kwa wakati. Perusi, bibi maendeleo mstaafu, mama wa kanisa mwenye kitenge cha heshima na magoti mabovu, alikaa kando yangu, anapumua kwa nguvu. Ilipotangazwa kwamba jeneza linyanyuliwe, akainuka, akaenda hadi penye kiti cha Mkuu, kilichowekwa mbele na picha yake juu. Akaiondoa picha, akakaa.

"Mzigo huu hauondoki," akasema. "Huyu Mnyamwezi alikula kuku wangu mimi Mkaguru. Namtaka kuku wangu."

Watoto wa Mkuu walitazamana. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, kwa upole, "Bibi, tunaomba utupishe, ratiba imebana."

"Ratiba yako nimeisoma. Kuku wangu hayumo."

Hakuna aliyecheka. Utani usiojibiwa ni tusi tupu, na pale katikati ya watu waliovaa vizuri, rafiki yangu alikuwa mwanamke mzee anayemtukana maiti. Nilimwona akijikaza ili aanze upya, kama siku ile bwaloni. Nilitaka kumjibu mimi. Mimi si Mnyamwezi. Maneno yangu yangekuwa kelele.

"Wee Mkaguru!"

Sauti ilitoka barabarani. Madereva wa malori walikuwa wamesimama kwenye uzio, kama watu wanavyosimama wakikuta msiba. Mmoja, mwenye ovaroli lililojaa grisi, alikuwa anapenya kati ya viti. "Kuku gani unaomdai babu yangu? Nyie si mlikuwa mnachungulia kwenye mawe? Kuku mlimpata wapi?"

Perusi aligeuka. Uso wake ulifunguka wote. "Na wewe umetoka wapi, shingo fupi?"

"Natoka kubeba mizigo, nitoke wapi? Toka kwenye kiti cha mzee."

"Kuku kwanza."

Dereva akarudi kwenye lori lake, akachomoa nyuma ya kiti kuku aliyefungwa miguu, aliyekuwa anampeleka kwake, akaja akamkabidhi. Perusi akampapasa kifua. "Mwembamba," akasema.

"Amesafiri mbali huyo."

Hapo watu wakacheka, wengine wakaanza kulia kwa sauti, na mshereheshaji akazima kipaza sauti chake. Perusi akainuka kwenye kiti. Dereva alikuwa amekwisha ingiza bega lake chini ya jeneza, upande wa mbele, bila kuombwa. Binti mkubwa wa Mkuu akanishika mkono, macho yamemtoka. "Mama Koku," akaninong'oneza, "yule dereva ni ndugu yetu?"

"Ndiyo," nikamjibu, kabla sijapata nafasi ya kuwaza.